Bonde Lililofikwa na Huzuni

Kusini mashariki ya nchi ya Brazil, katika jimbo la São Paulo, liko bonde refu la mto Paraíba. Upande wa bara limezuiwa na milima ya Mantiqueira, na upande wa bahari na milima ya Serra do Mar. Katika karne ya 19 bonde hilo lilikuwa mashuhuri kwa kahawa. Kahawa ilipopungua, baadhi ya wakulima waligeukia michungwa.

Mwaka 1937 msiba ulibisha hodi bondeni humo. Michungwa iliyokuwa imestawi ilianza kufifia. Majani yakawa manjano yakapukutika, matunda yakabaki madogo, na mizizi ikaoza. Ugonjwa huo ukaitwa tristeza, maana yake kwa Kireno ni huzuni. Katika muda wa miaka 12 hivi, miti yapata milioni 6 ilikuwa imekufa katika jimbo la São Paulo.

Ajabu yake ni hii. Mdanzi uliopandwa peke yake haukufa, wala mchungwa uliosimama juu ya mizizi yake wenyewe. Uliokufa ni mchungwa uliobebeshwa juu ya shina la mdanzi, na mashamba mengi sana yalikuwa yamepandwa hivyo, kwa sababu mdanzi huvumilia maradhi ya kuoza mizizi. Hivyo kinga ya maradhi ya kale ndiyo iliyoyafungulia mlango maradhi mapya.

Mwaka 1946 mtaalamu Meneghini alithibitisha kwamba ugonjwa huo huchukuliwa na vidukari weusi, wafyonzao utomvu wa machipukizi. Virusi waletwao na wadudu hao huziba njia ya chakula mahali paliposhikana mchungwa na mdanzi. Sukari itokayo majanini haishuki tena, na mizizi hufa kwa njaa.

Mti ulioambukizwa hauna dawa. Kwa hiyo wataalamu wa Campinas walijaribu mashina ya aina nyingi, na wakulima wakapanda upya, hasa juu ya mlimau wa Rangpur, ambao matunda yake yana rangi ya chungwa. São Paulo ikainuka, hata ikawa miongoni mwa sehemu zitoazo machungwa mengi kupita zote duniani. Lakini shina la Rangpur nalo likaenea karibu kila shamba, na mwaka 2001 ukatambuliwa ugonjwa mwingine, uuao kwa ghafula miti iliyobebeshwa juu yake.

Vidukari hao wako Kenya pia, na virusi vyao vimo. Basi mkulima wa Kilifi au Makueni anunuapo miche, haimtoshi kutazama uzuri wa majani na urahisi wa bei. Hana budi kumwuliza mwuzaji: shina la chini ni la mti gani, na kichipukizi kilikatwa katika mti mzima? Kikulacho ki nguoni mwako.