Uvimbe wa Wayo na Kisimamo cha Sala

Tulipotokwa na uvimbe chini ya wayo wa kulia, ukawa kama kokoto kila tusimamapo kusali, wengine walitushauri tuukande, wengine tuutumbue. Tabibu alikataa yote mawili. Alisema vivimbe vingi vya nyama laini za mguu havina shari, lakini vichache ni saratani, wala si rahisi kuvipambanua kwa macho. Basi alitwaa kwanza kijipande kikatazamwa kwa hadubini. Wetu, alhamdulillahi, ulikuwa fundo la nyuzi katika utando wa wayo. Aliukata pamoja na sehemu ya utando uliouzunguka, kwa kuwa namna hii yakibaki mabaki humea tena. Akatukataza kukanyagia mguu ule kwa majuma matatu.

Hakika kisu hakikututia hofu kama sala. Sheikh alitukumbusha habari ya Imran bin Husein, aliyekuwa na bawasiri: Mtume (S.A.W.) alimwamuru asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ama udhu, kwa madhehebu yetu ya Shafii, tuliosha palipo pazima, tukapangusa maji juu ya bendeji, tukatayamamu kwa ajili ya palipofunikwa. Kazi hiyo ina taabu yake, hasa alfajiri. Tukasali tumekaa, mwanetu mkubwa akitusalisha.