Pumzi ya Pikipiki Wakati wa Mvua

Kila chenye pumzi kina mlango wa pumzi, na kila mlango wahitaji mlinzi. Pua ya mtu ina vinyweleo vya kuzuia vumbi; injini ya pikipiki ina chujio la hewa. Kwa sura ni kitu duni: karatasi iliyokunjwakunjwa, au sifongo iliyopakwa mafuta, ndani ya kisanduku kilicho chini ya kiti au nyuma ya kifuniko cha ubavuni. Abiria hakioni, na mpandaji aghalabu hukisahau. Lakini atakaye kujua ukubwa wa kazi yake na atazame hesabu. Petroli ya uzito wa kilo 1 haiungui vema ila kwa hewa ya uzito wa kilo 15 hivi. Maana yake ni kuwa kila lita 1 ya petroli huvuta pamoja nayo hewa ya lita 9,000 hivi, na hewa yote hiyo hupita katika mlango huo mmoja.

Wakati wa kiangazi adui wa mlango huu ni vumbi, na habari zake zajulikana na wengi. Masika yaingiapo adui hubadili sura. Karatasi ya chujio ikilowa, nyuzi zake huvimba na vitundu vyake huziba. Injini hupata petroli ikakosa hewa. Hukohoa, hutoa moshi mweusi, plagi hufunikwa na masizi, na nguvu hupungua hasa pale panapohitajiwa nguvu.

Nina mpwa wangu hapa Dar es Salaam afanyaye kazi ya bodaboda kwa mkataba. Kila jioni humpelekea mwenye chombo fedha waliyoagana, na siku za mkataba zikitimia pikipiki itakuwa yake. Matengenezo ni juu yake. Siku chombo kisipotembea, deni halilali. Kwa hiyo masika ya kwanza yalipokaribia aliingiwa na hofu, akaufunga mdomo wa kisanduku cha hewa kwa mfuko wa plastiki, akaukaza kwa mpira.

“Shikamoo, mjomba,” aliniambia kwa furaha. “Mwaka huu hata tone haliingii.”

“Marahaba, mpwa wangu. Na pumzi je, itapita wapi?”

Alicheka, akapiga kiki, akaondoka. Hakufika mwisho wa mtaa. Injini ilikohoa kama mgonjwa wa pumu, ikazima. Plastiki ilikuwa imefanya kwa dakika chache kazi ambayo mvua ingeifanya kwa siku nzima.

Tulikwenda kwa mzee mmoja, fundi wa mtaani kwetu, naye alitufundisha kwamba kulinda si kuziba. Mdomo wa kisanduku umewekwa juu, mbali na maji yarushwayo na gurudumu, basi usiguswe. Kinachotakiwa ni kifuniko kukaa sawasawa, mpira wake uwe mzima, na skrubu zake zitimie zote. Bango la matope, ambalo vijana hulikata kwa ajili ya urembo, libaki na urefu wake. Chini ya kisanduku kuna kibomba kidogo chenye kizibo. Baada ya mvua kifunguliwe, maji yaliyokusanyika yatoke. Chujio la sifongo huoshwa kwa maji ya sabuni, likakamuliwa bila kusokotwa, likakaushwa kabisa, ndipo likapakwa mafuta yake na kuminywa yaliyozidi. La karatasi halioshwi. Likirowana likaharibika, hubadilishwa. Wala mtu asilitoe akaenda bila chujio, kwani maji na mchanga vitakaribishwa ndani ya silinda kama wageni wa heshima.

Lakini lipo jambo ambalo chujio lolote haliliwezi, nalo ni mafuriko. Hewa hukubali kubanwa. Katika pikipiki nyingi za namna hii pistoni huibana hata ikabaki kama sehemu 1 kwa 9. Maji hayakubali. Yakinywewa na injini iendayo mbio, pistoni hukutana nayo kama ngumi na ukuta, na mkono wake hupinda. Kwa hiyo injini ikizima majini isipigwe kiki. Isukumwe hadi pakavu, plagi itolewe, kisanduku kimwagwe, ndipo izungushwe polepole iyateme maji. Na oili ikionekana kama chai ya maziwa, imwagwe.

Mwezi wa Aprili mmoja mpwa wangu alifika bonde la Msimbazi, pale Jangwani, maji yamekwisha kupita juu ya barabara. Abiria wake alikuwa na haraka. “Pita tu, kaka, wenzio wanapita.” Yeye aliona maji yamefunika vitovu vya magurudumu ya waliotangulia, akageuza. Abiria alishuka kwa hasira, asilipe. Jioni ile fedha ya mkataba haikutimia, na mwenye chombo hakusamehe hata shilingi, aliiandika deni. Mwenzake mmoja aliyepita alizimikiwa katikati, akapiga kiki mara nyingi, na pikipiki yake ililala kwa fundi majuma matatu huku siku za mkataba zikihesabiwa.

Tangu hapo husita ninapotaka kumhubiria mtu tahadhari. Sisi tushaurio hatulipi. Hulipa yeye ageuzaye chombo mbele ya abiria mwenye hasira, na malipo yake huonekana jioni ile ile, hali faida yake haionekani kabisa, kwa kuwa ni hasara isiyotokea. Atakaye vijana hawa wavilinde vyombo vyao na akumbuke hayo akiwa abiria, na akumbuke zaidi akiwa mwenye chombo. Siku maji yajaapo barabarani, anayegeuza hakukataa kazi; amelinda mali ya watu wawili.