Nyumba za Lamu na Haki Zilizofichwa Stoo

Anayekwenda Lamu kwa barabara hukomea Mokowe, akateremka gatini na kuvuka kwa mashua. Sisi wanakamati ya msikiti tulipoutembelea mji huo, jambo la kwanza lililotushughulisha ni mizigo. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba na gari halipiti. Mfuko wa saruji, kabati, godoro, vyote hushushwa gatini na kumalizia safari juu ya punda, kwenye mkokoteni au begani mwa hamali. Mahali kama hapo mtu ana sababu ya kupima haja yake kabla ya kununua, kwani kitu hulipiwa dukani na kulipiwa tena njiani.

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zilizoamua ukubwa wa vyumba. Haziwezi kubeba dari zito la mawe katika nafasi pana, hivyo chumba huweza kuwa kirefu, lakini upana wake ni kiasi cha meta 3 tu.

Katika nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa kuwa makumbusho, tuliona namna watu walivyoishi ndani ya kipimo hicho. Mgeni hupokewa dakani, penye mabaraza ya mawe. Baada yake ni kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, kisha ndani. Kwenye kuta za ndani kuna vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, ambavyo wenyeji huviita zidaka. Humo viliwekwa vyombo vya kaure na vitabu. Kishubaka hakina mlango. Kilichomo huonekana na wote, na kinachoonekana si rahisi kusahauliwa mwenyewe ni nani.

Nyuma kabisa ndipo penye nyumba ya kati. Humo ndimo walimozaliwa watoto, na ndimo walimooshewa maiti. Tulisimama hapo kimya kwa muda, kwa sababu kazi yetu ya msikitini hutupeleka mara kwa mara katika nyumba zenye msiba. Tunafika kumwosha marehemu, na hakuna pa kuweka kitanda. Vijana huanza kutoa maboksi, majokofu mabovu na magunia ya nguo, na maiti husubiri, ilhali tumeamrishwa kuharakisha maziko.

Jambo zito zaidi hudhihiri baada ya siku chache. Katika vitu vile hutokea sufuria kubwa za jirani zilizoazimwa wakati wa harusi, cherehani iliyowekwa amana na mtu aliyesafiri, na sanduku la bibi aliyefariki miaka mingi nyuma, ambalo halijagawiwa kwa warithi wake. Hapo tunafahamu kwamba mrundikano wa vitu si suala la usafi pekee. Ndani yake zimefichwa haki za watu, na Allah (s.w.t.) ametuamrisha katika Surat An-Nisaa kuzirejesha amana kwa wenyewe.

Kwa hiyo, familia inapotaka kupanga nyumba, tunashauri ianze na umiliki kabla ya ufagio. Kwanza, vitolewe vitu vya watu na virudishwe. Pili, vya marehemu viorodheshwe mbele ya warithi, deni lilipwe, wasia utekelezwe, kisha mirathi igawiwe. Tatu, vilivyo vyetu tuviulize haja yake. Imepokewa kwa Jabir (r.a.) katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja tandiko la mume, la mke na la tatu la mgeni, na la nne akalinasibisha na shetani. Wanavyuoni wameeleza kuwa makusudio ni kile kinachozidi haja na kuwekwa kwa fahari.

Kilichozidi na bado ni kizima kitolewe sadaka. Lakini tusiwapelekee mayatima nguo zilizochanika tukadhani tumetoa. Surat Aal Imran inatufundisha kwamba wema haufikiwi mpaka tutoe katika tunavyovipenda. Kilichoharibika kitengenezwe au kitupwe. Watoto nao washirikishwe, wajue mapema kwamba si kila kilichomo nyumbani ni cha nyumba hiyo.

Si lazima tujenge zidaka. Inatosha kila kitu kiwe na mahali panapoonekana na mwenyewe ajulikane, na kibaki chumba kimoja ambacho mgeni anaweza kulala leo, na ambacho mmoja wetu ataoshewa siku yake itakapofika.

Wabillahi tawfiq.