Kilichotupatanisha ni Matembezi ya Gofu

Huku kwetu Kanazi mama mtu mzima akionekana anacheza, watu huuliza kama ana akili timamu. Michezo ni ya watoto wa shule. Mama ana migomba ya kupalilia, kahawa ya kuanika, wagonjwa wa kutazama na misiba ya kuhudhuria. Kwa hiyo nilipowaambia akina mama wenzangu kwamba naenda pwani ya Kenya kwa mdogo wangu, na kwamba huko nitacheza gofu, walicheka hadi wakashika mbavu. Sikuwalaumu. Lakini nilikuwa na sababu ya kwenda ambayo sikuwaambia.

Mimi na mdogo wangu huyo tulikuwa na miaka minne bila mazungumzo ya maana. Baba yetu alipofariki, wazee wa ukoo walimfanya yeye mrithi wa kibanja, kama ilivyo desturi yetu Wahaya. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, nikawa naishi humo, nikamuuguza mama hadi naye akatutoka. Wazazi wetu wote wawili wamezikwa katika kibanja hicho, penye migomba. Baadaye nikasikia kwa majirani kwamba mdogo wangu anatafuta mnunuzi. Nilipompigia simu, alisema, “Waitu dada, tutazungumza.” Hatukuzungumza. Tukabaki kusalimiana sikukuu kwa sikukuu, salamu kavu.

Ndipo siku moja akanitumia nauli. Anafanya kazi ya uhasibu huko Kenya, na siku za mapumziko hucheza gofu. “Njoo upumzike,” alisema. Nikapanda basi la Mwanza, kisha la Arusha, nikavuka mpaka Holili, nikapita Taveta na Voi hadi Mombasa. Njia nzima nilikuwa nawaza kibanja.

Uwanja alionipeleka ni ule wa Vipingo, katika Kaunti ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya shamba kubwa la mkonge, na mkonge bado umetanda jirani. Uwanja wenyewe una mashimo 18 na unaitwa Baobab, yaani mbuyu, kwa kuwa mibuyu mikubwa imesimama humo kama wazee wa kijiji. Uko juu ya mgongo wa ardhi unaotazama Bahari ya Hindi. Ukifika sehemu za wazi unaiona bahari chini yako, ya samawati, na mstari mweupe pale mawimbi yanapopasukia kwenye matumbawe. Twiga na pundamilia wanaishi katika eneo hilo, wala hawashtuki wakiona watu na fimbo zao.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni nyasi. Sisi wanawake wa Buhaya tunazijua nyasi. Tunazikata kwenye rweya, zile mbuga zilizo kati ya vijiji, tukazitandaza chini ya migomba ili udongo usikauke; zamani tulizitandika pia sebuleni wageni wakapata pa kukaa. Huko huko kwenye rweya ndiko mwanamke alikopewa mahali pa kupanda njugu mawe zake, kwa kuwa kibanja ni cha wanaume. Sasa nikaona nyasi zinazonyweshwa maji, zikakatwa fupi kama zulia, na hakuna anayezilisha ng’ombe wala kuzitandaza shambani. Nikajisemea, kumbe nyasi nazo zina bahati mbalimbali.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Una mpira mdogo mgumu, wenye uzito usiozidi gramu 46, na fimbo zisizozidi 14. Unaupiga kutoka mwanzo wa njia hadi uingie katika shimo lenye upana wa sentimita 10.8. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Mchezaji hodari huko Vipingo hutarajiwa kumaliza mashimo yote 18 kwa mikwaju 72. Mimi shimo la kwanza pekee nilipiga 11. Kijana aliyetubebea mifuko ya fimbo akanifundisha kwa upole: usiukazie mkono, usiinue kichwa kabla ya mpira kuondoka, na utazame upepo, maana upepo wa bahari huupeleka mpira usikotaka.

Kijana huyo ndiye aliyenieleza kwamba wanawake wa kulipwa wa Ulaya wamewahi kushindana papo hapo. Mwaka 2019 alishinda Mjerumani Esther Henseleit, mwaka 2023 Aditi Ashok wa India, na mwaka 2024 Shannon Tan wa Singapore. Hata sisi Tanzania tunaye Madina Iddi wa Arusha, aliyevaa rangi za taifa katika mchezo huu. Basi sikuwa mwanamke wa kwanza kupotea njia.

Wengi hupanda vigari vidogo. Mimi niliomba tutembee, tena tucheze mashimo tisa tu. Nilijua kwamba watu wawili wanaotembea pamoja kwa saa mbili na zaidi, bila televisheni wala wageni, hatimaye watasema jambo.

Shimo la tano, mpira wa mdogo wangu uliingia vichakani. Sheria inampa mtu dakika tatu za kuutafuta. Tulitafuta, hatukuuona. Mimi na kijana tulikuwa tumegeuka kutazama bahari. Angeweza kuangusha mwingine mfukoni mwake, nasi tusingejua. Hakufanya hivyo. Alirudi nyuma hadi alipopigia mwanzo, akaanza upya, na kwenye kadi yake akajiongezea mkwaju wa adhabu. Nikamwuliza nani mwamuzi. Akacheka, “Hakuna, dada. Kila mtu anajihesabia mwenyewe.”

Nikasimama. Nikamwambia, “Hapa unajihesabia kwa haki, hata pasipo shahidi. Na kule Kanazi, hesabu yangu umeiandika wapi?”

Alinyamaza mashimo mawili mazima. Kisha akaeleza yaliyokuwa moyoni. Alikuwa amekopa benki ajenge nyumba, deni likamlemea, na kibanja ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza. Aliona aibu kuniambia. Mimi nami nikamweleza bila ukali kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Nikamkumbusha kwamba hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua katika shauri lililotoka huku kwetu Kagera kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. “Lakini mimi sitaki kuuza,” nikasema. “Nataka mahali pa kuzeekea, karibu na baba na mama.”

Krismasi iliyofuata alikuja nyumbani. Tuliketi na wazee wa ukoo, kisha tukaenda ofisi ya kijiji. Wazee wawili walinung’unika sana. Hata hivyo hati ya kimila ilitoka mwaka uliofuata, yenye majina yetu wote wawili. Nami kila msimu namtumia nusu ya fedha za kahawa hadi deni lake liishe. Nyumba yake bado haina paa, na msimu kahawa inaposhuka bei, nusu hiyo ni kidogo. Tunavumiliana.

Mama mwenzangu, huenda nawe unaye ndugu ambaye mmebaki kusalimiana tu. Si lazima gofu, wala si lazima bahari. Mwombe akusindikize kisimani, sokoni au kwenye rweya kukata nyasi, mahali penye safari ndefu ya miguu. Kabla ya kwenda, jifunze sheria inasema nini juu ya haki yako, ili usiende na machozi peke yake. Na mkiwa njiani msikilize naye, maana mara nyingi anayekunyima ana jambo linalomwelemea.