Ukuta wa Tinde

Ukuta wa kwanza nilioshirikishwa kuandika ulikuwa Tinde, pale barabara ya kutoka Shinyanga mjini inapokutana na ile ya Nzega kwenda Isaka na Kahama. Ilikuwa mwaka 1999. Mama mwenye duka la vipuri vya baiskeli alitaka tuorodheshe kila alichouza. Fundi wangu, aliyekuwa akinifundisha kazi, alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akamuuliza: “Mayu, abiria aliye dirishani atasoma mangapi kabla basi halijapita?”

Tukaandika VIPURI VYA BAISKELI, na mshale chini yake. Basi. Kabla ya kugusa brashi, fundi alipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki ili herufi zikae sawasawa. Kisha akavuka barabara, akageuka, akafinya macho karibu kuyafumba. “Kinachobaki ukifinya macho,” aliniambia, “ndicho kitakachosomwa.” Sehemu ya ukuta iliyobaki tupu hakutaka iguswe. Rangi ya mafuta ilikuwa ghali, na leo naamini ughali ule ulitufundisha nidhamu kuliko mwalimu yeyote.

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Miji ya wachimbaji ikajaa maduka, na baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mteja alitozwa kwa ukubwa wa bango, hivyo rangi kumi zilikuwa bei moja na rangi mbili. Tukajaza kila pembe: sura ya mwenye duka, maua, namba nne za simu, herufi za mitindo mitano. Nami nilijaza, na ninalijutia hilo.

Tabia hiyo niliingia nayo kwenye tovuti. Nilijifunza kutengeneza tovuti Mwanza, miaka michache baada ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009. Tovuti yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya duka la vipuri vya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko Katoro. Maandishi mekundu juu ya njano, na picha kubwa juu kabisa. Kwenye kompyuta ya ofisini ilimetameta.

Siku moja nilimwona mchimbaji akiifungua mwaloni, pale wanapochenjua dhahabu, jua la saa saba likiwaka. Aliikinga simu kwa kofia, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali. Picha ilikula bando lake kabla namba ya duka haijatokea. Akaifunga, akamuuliza mwenzake.

Nilirudi kusoma upya. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008, wa kufanya tovuti zisomeke kwa watu wote, unataka mwanga wa maandishi ya kawaida na wa mandhari yake utofautiane angalau kwa 4.5 kwa 1. Nikapima nyekundu yangu juu ya njano: 3.7. Nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu hufika 21, na fundi wangu aliandika kwa nyeusi juu ya chokaa bila kupima chochote. Nikasoma pia njia aliyoieleza Ethan Marcotte wa Marekani mwaka 2010, ya kuufanya ukurasa mmoja ujipange upya kufuata upana wa kioo.

Nikaifumua yote. Jina la duka kwa herufi kubwa, kisha bidhaa kwa makundi: mota karibu na mikanda yake, nyundo karibu na beringi, na nafasi ya kutosha kati ya kundi na kundi hata mistari ya kuyatenga isihitajike. Namba ya simu nikaiweka mwisho. Mwenye duka akalalamika, “Mbona umeniachia uwanja mtupu, nami nimelipia ukurasa mzima?” Nikamtoa nje juani, nikampa simu asome mwenyewe. Akasoma. Hakuirudia hoja ile.

Mwaka jana nilikwenda Shinyanga kumwamkia fundi wangu, sasa ni mzee, nikamwonyesha. Alinyoosha mkono wenye simu mpaka mwisho, akafinya macho vilevile kama Tinde.

“Namba umeiweka mbali na jina,” akasema. “Mtu ataitafuta.”

Niliisogeza usiku uleule.