Kakopa, Kakupa

Siku ya tatu ya matanga kaka aliniita chumba cha uani, akarudishia mlango, akatoa daftari la mama chini ya mto. "Wewe si ndiye uliyekwenda kusomea maandishi ya kale?" akasema. "Haya, tusomee."

Nilikuwa nimefika usiku uliotangulia. Mama alizikwa mimi nikiwa bado njiani, nasubiri ndege ya pili. Kwetu maiti hawekwi kwa ajili ya mtu aliye mbali, na mwenyewe sikutaka awekwe. Nilikuta majamvi, masufuria ya kuazima, na hilo daftari.

Mama aliuza vitumbua barazani kwetu, Ngamiani, Tanga, zaidi ya miaka thelathini, na muuza vitumbua asiyekopesha hadumu mtaani. Lilikuwa daftari la jalada gumu, mgongo umebandikwa plasta, kona zimelowa mafuta mpaka karatasi inapitisha mwanga. Shule hakwenda. Alikwenda chuoni, chuo cha Kurani, akahitimu, na herufi alizopewa huko, alifu, be, te, ndizo alizoandikia Kiswahili chake umri wake wote: madeni, dawa, siku watoto wa jirani walipozaliwa. Sisi wanawe tulipelekwa shule. Msahafu tunausoma, una irabu zake zote na nusu yake tumeikariri. Mwandiko wa mama hatukuwahi kuusoma hata mstari mmoja. Wala hakuna aliyetukataza.

Haraka ya kaka ilikuwa na sababu. Mjomba alikwisha kutangaza makaburini kama ilivyo ada, kwamba anayemdai marehemu aje kwa wafiwa alipwe. Sasa ilibidi tujue nani anadai na nani anadaiwa, na ushahidi wote ulikuwa humo.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, nasomea Bizanti. Ni lile dola la Warumi lililokaa Konstantinopoli tangu mji huo ulipozinduliwa mwaka 330 hadi Waturuki walipouteka mwaka 1453, na jina la Bizanti wamebandikwa baadaye. Wenyewe walijiita Warumi mpaka siku ya mwisho. Nyumbani walichoka zamani kunieleza kwa wageni. Mama alikuwa akisema tu, "Anasomea Warumi," mazungumzo yakahamia kwingine. Ukiniuliza ninashinda nikifanya nini huko Uingereza, jibu la kweli ni kwamba ninahesabu vilivyopotea.

Kuhesabu huko kuna kanuni zake. Mwaka 1931 wataalamu wa mafunjo na maandishi ya mawe walikutana Leiden, Uholanzi, wakapatana juu ya alama. Herufi iliyochakaa, ambayo huna hakika nayo, unaitia nukta chini yake. Zilizotoweka kabisa unazitilia mabano ya mraba, na ukijua zilikuwa ngapi, unaweka nukta kwa idadi yake ndani ya mabano. Usipojua, unaweka vistari, unasonga mbele. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza mabano yote kwa maneno yangu, Kigiriki safi kabisa, nikajiona bingwa. Msimamizi wangu alinirudishia karatasi ikiwa na swali lilelile la penseli pembeni ya kila bano: unajuaje?

Niliyekaa naye zaidi ni mfanyabiashara wa Aleksandria, Kosmas, wanayemwita Indikopleustes, msafiri wa Bahari ya Hindi. Katika miaka ya 520 alikuwa Adulis, bandari ya ufalme wa Aksum, pwani ya Eritrea ya leo. Mfalme Kaleb alikuwa akijiandaa kuvuka bahari kwenda kupigana na Himyar, huko Yemen, na akataka nakala ya maandishi yaliyokuwa kwenye kiti cha enzi cha marumaru kilichosimama njia ya kwenda Aksum, pamoja na ya jiwe jeusi lililokuwa nyuma ya kiti. Liwali wa Adulis akampa kazi hiyo Kosmas na mwenzake Menas, mfanyabiashara ambaye baadaye aliingia utawa. Wakanakili, wakampa liwali zake, na wao wakabaki na nakala.

Jiwe lilikuwa la Ptolemaio wa Tatu wa Misri, wakati huo lilikwisha kupitisha miaka 700. Kiti kilikuwa cha mfalme wa Aksum ambaye anahesabu vita vyake taifa kwa taifa, na anajigamba kuwa hakuna mfalme aliyemtangulia kuyashinda. Kosmas alidhani ni habari moja inayoendelea, akaviunganisha. Lakini mwanzo wa maandishi ya kitini, mahali ambapo mfalme angetaja jina lake, haupo. Jiwe halipo tena, kiti hakipo. Kuna hiyo nakala tu, ndani ya kitabu ambacho Kosmas alikiandika baadaye kwa ajili ya kuthibitisha kwamba dunia ni bapa. Mtu aliyetaka ajulikane kuliko wafalme wote amebaki vita vitupu, bila jina. Wapo wataalamu waliomtafutia majina. Nimeyasoma yote, na kila moja nimelitilia penseli.

Mama alimpenda Kosmas kwa kisa kingine. Anasimulia kwamba wakati mmoja chombo chao kilikaribia maji yaliyo mwisho wa nchi ya Barbaria, mahali panapoitwa Zingion, nasi tunalijua jina hilo kwa jamaa zake, Zinji, Zanji, Zanzibar. Wakaona ndege wakubwa angani, hali ya hewa ikachafuka, na wote chomboni wakamlilia mshika usukani akate kushoto wasije wakachukuliwa na mkondo hadi bahari kuu. Nilimsomea mama kwenye simu, nikimfasiria mstari kwa mstari. Akacheka. "Waoga," akasema. "Walikosa nahodha." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Turudi chumba cha uani. Nilikaa kitandani na daftari, kaka kasimama mlangoni, na kwa dakika kadhaa nilijisikia mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kisha yakaanza kufunguka. Majina kwanza, kwa kuwa majina nilikuwa nayajua. Halafu tarakimu. Halafu neno lililo kati ya jina na tarakimu, lilelile kila mstari: kafu, kafu nyingine yenye dhuma, be yenye fataha.

"Kakopa," nikasema.

"Bila shaka," kaka akasema. "Daftari la mkopo."

Nikafungua kurasa za nyuma, nikanyamaza.

Asiyejua mwandiko huu nimweleze. Waarabu hawana p, na waandishi wetu wa zamani wengi waliitumia be kwa b na kwa p. Mb nayo waliiandika be tupu, m wakaiacha kwa msomaji. Dhuma moja inabeba u na o, na fataha ni a. Kwa hiyo kafu yenye dhuma na be yenye fataha ni kopa, na ni kupa, na ni komba, na ni kumba. Watu waliandikiana hivyo miaka mamia, barua za biashara na tenzi ndefu, na walielewana, kwa sababu mwandishi na msomaji walikaa baraza moja na kila mmoja alijua mwenzake anazungumzia nini.

Kurasa za mbele hazina utata. Mtu na vitumbua kumi, mtu na vitumbua sita, na mstari wa kufutia alipolipa. Za nyuma zina majina kumi na moja, hakuna lililofutwa, na tarakimu ni nyingine: 20,000, 50,000, moja 200,000. Juu yake kuna mwaka. Ni mwaka nilioondoka.

Ufadhili wangu ulilipa ada na chumba. Nauli na viza vilikuwa juu yangu, na mama alinipa fedha hizo zimefungwa kwenye pindo la leso. "Za vitumbua," akasema. Nikapokea. Kitumbua kilikuwa shilingi mia. Nauli peke yake ilikuwa vitumbua elfu kumi na tano, kabla hujatoa mchele, nazi, mafuta na kuni. Msomi wa historia, hesabu hiyo sikuipiga hadi siku ile ya tatu ya matanga.

Kwa hiyo, fulani kakopa 50,000, na mama yetu alikuwa tajiri wa siri anayekopesha mtaa mzima. Au fulani kakupa 50,000, na huyo anayepewa ni mimi.

Kaka na mjomba walikuwa na jibu lao kabla sijamaliza kueleza. Kakopa. Daftari ni la mkopo, neno ni lilelile, mwandiko ni uleule. Kwa nini mama abadilishe lugha kurasa mbili za mwisho? Hoja hiyo ni nzuri. Msimamizi wangu angeikubali. Na mimi niliitaka ile nyingine kwa nguvu iliyonitisha, wala si kwa ajili ya fedha. Neno kakupa lina ku ndani yake. Mtu anayeandika kakupa anasema na mtu. Kama ni kakupa, basi mama aliketi usiku, taa ya chemli pembeni, akaniandikia mimi barua ya mistari kumi na moja kwa herufi ambazo alijua siwezi kuzisoma, akitaraji kwamba siku moja nitaweza. Ukitaka kitu namna hiyo, jicho lako si la kuaminiwa tena.

Photios nilimfikiria siku zile kuliko Kosmas. Alikuwa msomi wa Konstantinopoli, karne ya 9, baadaye akawa patriaki. Akiwa anajiandaa kusafiri na ujumbe kwenda kwa Waarabu, ndugu yake Tarasios alimwomba amwandikie habari za vitabu ambavyo yeye hakuwepo viliposomwa. Photios akamwandikia, karibu vitabu 280, kingine kwa mistari miwili, kingine kwa kurasa na kurasa. Karibu nusu ya vitabu hivyo leo havipo duniani. Tunavijua kwa sababu mtu alimwandikia ndugu yake kabla ya safari. Kazi hiyo wote tunaisifu. Lakini ipo na barua aliyomwandikia Tarasios huyohuyo alipofiwa na binti yake. Ndani yake Photios anamsimamisha marehemu mbele ya baba yake, amshike mkono, amsemeshe, amtulize. Nilipoisoma mara ya kwanza, maktabani, niliona ni ufundi wa maneno tu, mambo ya shule yao. Niliposoma tena, nilikasirika. Maneno ya yule binti ni ya Photios. Yake mwenyewe hatuna hata moja, wala barua haitaji jinsi alivyocheka. Halafu tena nikamwonea Tarasios wivu.

Katika karne hiyohiyo ya 9 ndipo Wagiriki walipobadili mwandiko. Vitabu vyao vya kale vilikuwa kwa herufi kubwa zilizosimama mojamoja. Sasa wakaanza kunakili kwa herufi ndogo zinazoshikana, za haraka, zisizokula ngozi nyingi. Hati ya namna hiyo ya zamani kabisa yenye tarehe ni Injili ya mwaka 835. Tunafundishwa kwamba huo ndio mlango mwembamba: kilichonakiliwa kwa mwandiko mpya kilivuka, na kilichoachwa katika mwandiko wa zamani kwa sehemu kubwa kiliishia hukohuko. Hakuna aliyekichoma. Hakikuwa na mtu wa kukivusha. Nimeandika sura nzima ya tasnifu juu ya jambo hili, na huku Tanga shule za Wajerumani, kisha za Waingereza, zilifundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na mama yangu alibaki ng'ambo ya pili, barazani, anaandika.

Nililinakili daftari lote. Kila herufi niliyoitilia shaka niliiwekea nukta chini, na mahali mafuta yalipokula wino niliweka mabano. Kwa zile kurasa mbili niliandika kakopa, na juu yake, kwa herufi ndogo, kakupa. Kaka aliangalia, akasema, "Andika moja, watu wafuatwe." Nikamwambia anifuatie wale kumi na moja nami nitafuatana naye. Watano wameshakufa. Wawili wamehamia, mmoja Muheza na mmoja hakuna ajuaye. Watatu walituambia hawakumbuki, na sikuwa na haki ya kuwashangaa.

Wa mwisho ni bibi wa Barabara ya Kumi na Mbili, yule wa 200,000. Macho yake yamekwisha karibu yote. Tukamwamkia, tukapewa viti, tukapokea pole. Kaka akaeleza kwa adabu kwamba kuna jina lake kwenye daftari la marehemu na tarakimu kadha, na tunaomba atueleze ilikuwaje.

Bibi alikaa kimya kidogo. "Hayo tulishayamaliza mimi na mama'ko," akasema.

Kaka akanitazama. Nikamtazama bibi, naye alikuwa ameshaanza kuzungumza habari za vitumbua, kwamba hawa wa siku hizi wanatia unga wa ngano, kwamba mama alikuwa akimletea viwili vya juu kila asubuhi, vya moto, haviandikwi. Tulipoaga alinitafuta mkono kwa kupapasa, akaukamata, akanikunjia noti kiganjani, akanifumba vidole kimoja kimoja. Hakusema ya nini. Sikumwuliza.

Ilikuwa ya elfu kumi. Usiku nilifungua daftari kwenye ukurasa wa nyuma, nikatafuta kalamu, na chini ya jina lake nikaandika kwa mkono ambao bado unatetemeka kama wa mtoto wa chuoni: kafu, kafu yenye dhuma, be yenye fataha, 10,000.