Juu ya Kutunza Mitambo

Mpenzi wa vitabu vya Kiswahili vilivyotolewa katika miaka ya 1950 na 1960 aujua mstari mdogo uliopigwa chapa katika baadhi yao: Tanganyika Mission Press, Kipalapala, Tabora. Kipalapala ni mahali penye seminari, nje kidogo ya mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe ambako misafara ya wapagazi ilipumzika zamani ikienda Bagamoyo au ikitoka huko. Kutoka Dar es Salaam hata Tabora ni mwendo wa reli wa zaidi ya kilometa 800. Msomaji auonapo mstari ule hufikiri habari za vitabu. Fundi auonapo hufikiri jambo jingine: chuma kikivunjika huko, kingine kitatoka wapi, na kitafika lini?

Swali hilo ndilo lipaswalo kuwa mwanzo wa mpango wowote wa kutunza mitambo, lakini wakuu wengi wa viwanda huanzia kwenye kalenda. Kila miezi 6 mtambo hufunguliwa, vipande vyake hutolewa na kusafishwa, vingine hutupwa na vipya hutiwa mahali pao. Hoja yao ni nyepesi: chuma huzeeka kama mwili wa mtu, basi na kibadilishwe kabla hakijafa. Huja na methali pia, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, walakini methali hiyo yasema habari za ufa uliokwisha kuonekana. Haikumwagiza mtu kubomoa ukuta mzima mara 2 kwa mwaka ili autafute ufa.

Watu wa ndege ndio walioipima hoja hiyo kwa hesabu. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap, wa shirika la United Airlines, waliitolea Wizara ya Ulinzi ya Marekani taarifa ya uchunguzi wao. Katika kila aina 100 za vipande vya ndege walivyovichunguza, 11 tu zilionyesha dalili ya kuharibika zaidi kwa sababu ya umri. Zilizobaki, 89, hazikufaidiwa na sheria ya kubadilishwa kwa tarehe. La kustaajabisha zaidi, aina 68 ziliharibika sana zilipokuwa mpya, kisha zikatulia. Maana yake ni kwamba mkono umfunguao mzima waweza kumtia ugonjwa: bolti hukazwa kupita kiasi, vumbi huingia, kipuri kipya huja na kasoro yake kutoka kiwandani. Faida ya kuliacha zoea la zamani ilionekana upesi. Ukaguzi mkubwa wa maungo ya ndege ya DC-8, mpaka kufikia saa 20,000 za kuruka, ulikula zaidi ya saa 4,000,000 za kazi ya watu. Ule wa Boeing 747, ndege kubwa kuliko hiyo, ulikula saa 66,000.

Basi mpango mwema huuliza kila kipande kitakufaje, na kifo chake kitamdhuru nani. Katika mtambo wa kupiga chapa, beringi haifi kimya. Hupata joto, hutetema, hulia. Fundi mwenye sikio huijua siku nyingi kabla. Hiyo yatakiwa kusikilizwa na kutiwa grisi, wala haina haja ya kufunguliwa. Rola za wino hukauka na kupasuka polepole, na hizo kweli zina umri wake. Taa ya kumwangazia mpiga chapa na iachwe mpaka izimike, maadamu ipo nyingine kabatini.

Kuna aina moja ambayo husahauliwa, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote: kipande kinachoweza kufa bila ya mtu kujua, kwa kuwa kazi yake ni kungoja. Jenereta ya akiba ni ya namna hiyo. Kadhalika swichi ya kuusimamisha mtambo mkono wa mtu unapokamatwa. Tuseme jenereta huharibika mara 1 katika miaka 2, kwa wastani. Ikijaribiwa kila mwezi, katika siku 100 za kuihitaji itakutwa mbovu karibu siku 2. Ikijaribiwa mara 1 kwa mwaka, itakutwa mbovu zaidi ya siku 20. Jenereta ni ile ile na fundi ni yule yule. Swichi nayo hufuata hesabu hiyo hiyo, ila gharama yake hulipwa kwa vidole.

Fikra hii ni ya zamani kuliko taarifa ya 1978. Mfano wake mmoja ulipita Tabora kwa reli, vipande vipande ndani ya masanduku: meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma na kutiwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe katika ziwa Tanganyika isitekwe na adui. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Walijua ni adui gani atakayezifuata huko chini, nao walimfungia mlango huo mmoja. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walizikuta injini zafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini ikiitwa Liemba.

Elimu ya namna hiyo huishi kichwani mwa fundi, na fundi akistaafu huondoka nayo. Kwa hiyo daftari ni chombo cha kazi sawasawa na spana. Laandikwa kipande gani kilikufa, baada ya saa ngapi za kazi, kilionyesha dalili gani, na mtambo ulisimama kwa muda gani. Kuandika "umetengenezwa" hakusaidii kitu, maana kutengeneza kwa Kiswahili ni kuunda kipya na pia ni kuponya kibovu, na asomaye miaka 3 baadaye hatajua lililotendeka. Daftari humlinda fundi pia. Mkuu amwonaye ameketi akisikiliza mtambo humdhania mvivu, na humsifu yule anayeshinda mikono imejaa mafuta, ambaye huenda ndiye anayeuharibu.

Daftari hilo hilo ndilo liamualo kabati la vipuri liwe na nini. Mwisho wa mwaka 2009 mafuriko ya Kilosa yaliikata reli ya kati, na treni hazikupita kwa miezi. Kipuri ambacho Dar es Salaam hununuliwa asubuhi na kufungwa mchana, Kipalapala hakina budi kuwa kimenunuliwa mwaka uliopita.